Sumu Ndani ya Mihogo

Mwanafunzi akiulizwa: «Sumu ni nini?», atajibu upesi: ni meno ya nyoka, ni uyoga mbaya, ni dawa ya panya. Atakuwa amesema kweli. Lakini iko sumu nyingine, nayo inalala kila siku karibu na jiko, ndani ya kikapu cha mihogo. Watu wa Kongo wanakula mihogo mchana na jioni, wala hawafi. Kwa sababu gani? Kwa sababu mama zao, na mama wa mama zao, wanajua kazi ya kuitoa sumu hiyo. Somo hili linaeleza kazi yenyewe, tena linaeleza mambo yanayowapata watu wakiifanya kwa haraka.

Mmea uliotoka ng'ambo

Muhogo si mmea wa Afrika tangu asili. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko waliulima miaka elfu nyingi kabla ya merikebu za Ulaya kufika. Katika karne ya 16 Wareno waliuleta kutoka Brazil mpaka pwani ya Kongo. Kutoka pwani ulifuata mito na njia za biashara, kijiji kwa kijiji, mpaka ukaenea mahali pengi barani. Leo Kongo ni mojawapo ya nchi zinazolima mihogo kuliko zote duniani. Unga wake ukipikwa, Wakatanga wanauita bukari, watu wa Kivu wanauita ugali, na wale wa magharibi wanauita fufu. Majani yake ni sombe. Mmea mmoja unatoa chakula na mboga pia.

Wakulima waliupenda haraka, na walikuwa na haki. Muhogo unaota katika udongo uliochoka, mahali ambapo mahindi yanakataa. Mvua ikichelewa, unasubiri. Nzige wakipita watakula majani, lakini mizizi inabaki salama chini. Tena mizizi inaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, kama chakula kilichowekwa ghalani, na mwenye shamba anachimba kadiri ya njaa yake.

Kuna mihogo mitamu na mihogo michungu. Ile mitamu kweli inaweza kumenywa na kuchemshwa, ikaliwa siku hiyohiyo. Ile michungu haifai kuliwa hivyo kamwe. Basi mtu atauliza: mbona watu wanapanda michungu? Wana akili, ndiyo sababu. Nguruwe-mwitu wanaionja na kuiacha. Nyani pia. Hata mwizi anahangaika nayo: akiing'oa usiku hawezi kuila njiani, ni lazima ailoweke siku tatu, na katika siku tatu mwenye shamba atakuwa amekwisha kupata habari zake.

Lakini mtu asitegemee ulimi wake peke yake. Muhogo uleule, ukipandwa katika mwaka wa ukame, unazidi kuwa na sumu. Mvua inapokosekana, mmea unajilinda zaidi.

Sumu inakaa wapi?

Ukikata mzizi wa muhogo, unaona nyama nyeupe tu. Kwa darubini mambo ni mengine. Nyama ile imejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, na kila chembe ina ukuta wake. Ndani ya chembe kuna kitu kinachoitwa linamarini. Peke yake linamarini imelala. Katika ukuta kuna kitu cha pili, kimeng'enya, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja linamarini. Muhogo ukiwa mzima, hivi viwili havikutani: kimoja kimo chumbani, kingine kimo ukutani.

Sasa mdudu anatafuna mzizi, au nguruwe anauma, au kisu kinakata. Ukuta unavunjika. Kimeng'enya kinakutana na linamarini, kinaivunja, na mwisho wa kazi hiyo inatoka sumu kali iitwayo sianidi. Hiyo ndiyo silaha ya muhogo. Iko ndani ya mizizi, na katika ganda ni nyingi kupita nyama, na katika majani pia ni nyingi. Ndiyo sababu mbuzi anayeiba maganda mabichi ya mihogo michungu anaweza kuanguka na kufa kabla ya jioni.

Sianidi inafanya nini mwilini? Mtu anavuta pumzi, na damu inachukua oksijeni ya hewa na kuipeleka mahali pote, mpaka kwenye kila chembe ya mwili. Sianidi inazizuia chembe zisiitumie hiyo oksijeni. Ni kama mtu aliyekaa mbele ya sahani ya chakula na kinywa chake kimefungwa. Hewa ipo, lakini mwili unasongwa.

Hata hivyo sianidi ina udhaifu mmoja, na watu wa kale waliutumia bila kujua jina lake. Haipendi kukaa. Inachemka na kuwa mvuke kwa joto la digrii 26 tu, na jua la Kongo linapita hapo bila taabu. Tena inayeyuka katika maji. Kwa hiyo kazi yote ya kutengeneza mihogo ni hii: kuvunja zile kuta ndogo ili sumu izaliwe mapema, nje ya tumbo la mtu, kiisha kuiacha iende zake na maji na hewa.

Kazi ya maji

Mama anarudi kutoka shambani na kikapu kimejaa. Mizizi anaimenya, au anaiacha na ganda, kadiri ya desturi ya kwao. Anaipeleka mtoni penye maji yaliyotulia, au katika kishimo kilichochimbwa kando ya kijito. Na kama mto uko mbali, anaitia ndani ya pipa nyumbani. Juu anaweka mawe au matawi ili isichukuliwe na mkondo. Basi anaiacha.

Siku ya kwanza hakuna linaloonekana. Mizizi ni migumu kama jana. Lakini ndani ya maji wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao wameanza kula utamu wa mizizi na kuilegeza. Siku ya pili harufu inapanda. Kuta zinavunjika moja moja, vile vitu viwili vinakutana, sianidi inazaliwa, na maji yanaichukua. Siku ya tatu mama anarudi mtoni pamoja na mtoto wake.

«Mama,» mtoto anasema, «huu umelainika. Tuitoe yote twende.»

«Bonyeza hapa katikati, si pembeni.»

Mtoto anabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kinakataa kuingia.

«Umelainika nje tu, mwanangu. Rudisha. Tutakuja kesho.»

Katika nchi za milima, ambako maji ni ya baridi, kazi inaweza kuchukua siku nne au tano. Kidole ndicho kipimo. Kikizama mpaka katikati kama katika ndizi mbivu, mihogo iko tayari. Hapo mama anaivunja, anatoa ule uzi mgumu wa katikati, anaianika juani juu ya mkeka au juu ya uchanja. Ikikauka anaitwanga na kuichekecha. Mihogo iliyolowekwa hivyo imepoteza karibu sumu yake yote. Maji ya kile kishimo si ya kunywa, wala mbuzi wasipelekwe huko.

Watu wengine hufikiri kwamba moto unatosha. Kumbe sivyo. Mizizi michungu ikitiwa chunguni mizima na kuchemshwa, joto linakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, lakini linamarini haifi. Inabaki imefungiwa ndani ya nyama, na itafunguliwa tumboni. Jua peke yake nalo halitoshi. Mizizi iliyoanikwa tu bila kulowekwa inakauka upesi, na kimeng'enya hakifanyi kazi pasipo maji. Robo ya sumu, hata theluthi, inabaki katika unga.

Kwa sombe desturi ni nyingine, na sababu ni ileile. Majani yanatwangwa vizuri kinuni, halafu yanachemshwa muda mrefu. Kutwanga ndiyo kazi kubwa hapo: mchi unavunja kuta zote kwa mara moja, na mvuke wa chungu unaichukua sumu. Msichana mvivu anayetwanga kidogo tu na kusema «moto utamaliza» hajaelewa kazi ya mchi. Afadhali pia chungu kiachwe wazi mwanzoni ili mvuke utoke.

Ugonjwa wa miguu iliyofungwa

Mbali upande wa magharibi wa Kongo, kusini ya Kinshasa, iko nchi ya Kwango. Ni nchi ya majani marefu na mchanga, na chakula cha watu wake ni mihogo michungu. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli, aliyefanya kazi Kongo wakati wa utawala wa Wabelgiji, aliandika habari za ugonjwa wa ajabu ulioonekana huko. Wayaka wenyewe walikuwa na jina lake: konzo, maana yake miguu iliyofungwa.

Konzo inakuja ghafula. Mtoto amelala mzima. Jana alicheza, alichota maji, alitembea safari ndefu. Asubuhi anataka kuamka, na miguu inatetemeka, inakakamaa, inakataa. Hana homa. Akili zake ni timamu. Kwa siku chache tu ugonjwa umekwisha kufika mwisho wake, hauendelei tena, lakini pia haurudi nyuma. Miguu yote miwili imekuwa migumu kama mbao. Anayeweza kutembea anatembea kwa vidole, na magoti yanapishana kama makasi. Wengine wanaenda bila fimbo, wakiyumba. Wengine wanahitaji fimbo moja au mbili. Wengine hawasimami tena; wanatambaa. Wako pia ambao mikono na ulimi vimeguswa, hata maneno yao ni mazito.

Inawapata hasa watoto waliopita miaka mitatu, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanaume wazima inawapata mara chache. Mtoto anayenyonya haimpati, isipokuwa mara chache sana. Na mara nyingi inakuja katika kiangazi, na mara nyingi wako wagonjwa wawili au watatu katika nyumba moja.

Mtu anaweza kuelewa jinsi watu walivyoogopa. Nyumba moja inapigwa, jirani yake inabaki salama: wengi wakasema ni uchawi. Lakini kumsingizia bibi mzee wa kijijini hakukumnyosha mtoto hata mmoja miguu. Wengine walifikiri ni ugonjwa wa kuambukiza. Ni kweli kwamba polio nayo inaharibu miguu ya watoto. Lakini mguu wa polio unalegea, na mara nyingi ni mmoja tu, na konzo inakakamaza yote miwili sawasawa.

Siku tatu zilizokuwa siku moja

Miaka mingi ilipita kabla ya jibu kupatikana. Daktari Mkongo Banea Mayambu, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala katika Sweden, kati yao Thorkild Tylleskär na Hans Rosling, walikwenda vijijini katika nchi ya Bandundu, ambayo Kwango ilikuwa sehemu yake wakati ule. Hawakutafuta wagonjwa tu. Waliwatazama pia akina mama kazini, na walipima unga, na walipima mkojo wa watu ili kujua ni sumu kiasi gani iliyopita mwilini. Walilinganisha vijiji vyenye konzo na vijiji visivyo nayo.

Waliona kwamba pande zote mbili watu walikula mihogo michungu. Tofauti ilikuwa majini. Mahali pasipo konzo mihogo ilikaa majini siku tatu. Mahali penye konzo ilikaa siku mbili, mara nyingi siku moja tu. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1992.

Lakini kwa nini mama aliyefundishwa na mama yake siku tatu atoe mihogo siku ya kwanza? Sababu ilikuwa barabara. Njia ya lami ilikuwa imefunguliwa kwenda Kinshasa, mji mkubwa wenye njaa kubwa. Kamyo zilianza kuja mpaka vijijini kununua mihogo. Mwenye kamyo hangoji.

«Mama, mihogo yako iko wapi?»

«Bado iko mtoni, baba. Nimeiweka jana.»

«Kesho kutwa sipo. Itoe leo, au nitanunua kwa jirani.»

Nyumbani hakuna chumvi, hakuna sabuni, na mtoto anadaiwa pesa za shule. Mama anaitoa. Katika macho unga ule ni mweupe na mzuri. Hakuna anayeona tofauti, wala mnunuzi, wala mama mwenyewe. Na katika kijiji kilichouza sana, chakula kilichobaki nyumbani kilitengenezwa kwa haraka ileile. Barabara ni jambo jema. Inaleta dawa, inaleta vitabu. Lakini hakuna aliyekuja kwa kamyo ile kuwaeleza akina mama kwamba siku mbili walizopunguza zilikuwa ni miguu ya watoto.

Haraka nyingine inatoka kwa njaa. Mwaka 1981 mvua ilikosekana katika jimbo la Nampula, Msumbiji ya kaskazini. Mashamba mengine yalikauka, ukabaki muhogo mchungu, nao kwa ukame ulikuwa umezidi sumu. Watu walijua namna ya kuutengeneza, lakini namna yao ilitaka majuma ya kukausha, na tumbo halikungoja. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Huko waliuita ugonjwa mantakassa. Mwaka 1985, katika ukame pia, makumi ya watu walipatwa vilevile huko Tarime, Tanzania, upande wa Ziwa Viktoria.

Vita inafanya kazi ileile ya ukame. Katika Kivu ya Kusini konzo haikujulikana zamani. Mwaka 2011 madaktari Wakongo waliandika kwamba imeonekana Burhinyi, katika nchi iliyoharibiwa na vita. Mtu anayekimbia bunduki hawezi kubeba pipa la mihogo iliyolowekwa, wala kulinda kishimo chake mtoni siku tatu.

Mwaka 2013 habari nyingine ilitoka Kahemba, huko Kwango. Wachunguzi, na kati yao daktari Mkongo Désiré Tshala-Katumbay, waliwapima watoto kwa mambo ya akili: kukumbuka, kufikiri, kutumia vidole kwa ustadi. Watoto wenye konzo walishindwa kupita wengine. Jambo hilo lilitazamiwa. Ambalo halikutazamiwa sana ni hili: watoto waliokaa katika nyumba zile, wenye miguu mizima, wanaokimbia na kucheza, nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na konzo. Basi sumu inaweza kumgusa mtoto bila kumwangusha.

Kufa kwa siku moja

Konzo inatoka kwa sumu kidogo kidogo, majuma mengi. Sumu nyingi kwa mara moja ina njia nyingine. Mwezi wa Septemba mwaka 2017, huko Kasese, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kongo, watu walikula chakula cha unga wa mihogo kwenye mazishi. Baada ya saa chache walianza kutapika, tumbo likawauma, kichwa kikazunguka. Katika siku zile, huko wilayani, watu 98 waliugua kwa unga wa namna ile, na wawili wakafa. Mtu akipatwa hivyo baada ya kula mihogo, asingoje kesho; apelekwe lopitali saa ileile, na unga uliobaki usiliwe na mwingine.

Maharagwe kando ya bukari

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Ndani ya ini sianidi inafungwa pamoja na salfa, inageuka kitu kingine kisicho kikali, tiosianati, nacho kinatoka kwa mkojo. Hivyo sumu kidogo iliyobaki katika bukari inashindwa kila siku bila mtu kujua. Lakini salfa hiyo mwili unaipata wapi? Katika nyama, samaki, mayai, ndagala, viwavi, maharagwe. Mtu anayekula bukari na ndagala ana silaha. Mtu anayekula bukari na majani matupu, mwezi baada ya mwezi, silaha zake zinakwisha. Ndiyo sababu konzo inawatafuta maskini, na katika nyumba inawatafuta watoto na mama. Mara nyingi baba anapewa kipande cha nyama kwanza. Mambo hayo yanajulikana.

Tiosianati nayo, ingawa si kali, ina ubaya wake. Inaizuia tezi ya shingo isipate iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, iodini ilikuwa kidogo mahali pote. Lakini watu wa upande wa kaskazini walikuwa na rovu nyingi shingoni kupita wale wa kusini-magharibi. Madaktari Wabelgiji Delange na Ermans walieleza mwaka 1971 kwamba mihogo ilikuwa na sehemu yake katika tofauti hiyo. Kwa watu wa namna hii chumvi yenye iodini ni dawa rahisi kuliko zote.

Kulowesha unga

Konzo haina dawa ya kunyosha miguu. Mazoezi yanasaidia, fimbo na viti vya magurudumu vinasaidia, na mwenye konzo anaweza kusoma, kushona, kufundisha. Lakini ushindi mkubwa ulipatikana kwa njia ndogo sana, hata mtu anaweza kuidharau.

Shirika la FAO na shirika la WHO wameweka kipimo: katika kilo 1 ya unga wa mihogo sianidi isizidi miligramu 10. Unga wa mwaka wa ukame unaweza kupita kipimo hicho mara kumi. Howard Bradbury, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitafuta namna ya kusafisha unga uliokwisha kutwangwa, kwa maana aliyenunua unga sokoni hawezi tena kuurudisha mtoni. Namna yake ni hii.

Unga mkavu unatiwa katika bakuli na kusawazishwa juu, na alama inawekwa ndani ya bakuli mahali unga ulipofika. Maji yanaongezwa kidogo kidogo huku unga unakorogwa. Mwanzoni unga unashuka chini ya alama. Ukiongeza maji unapanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yametosha. Kiisha unga huo wenye unyevu unatandazwa juu ya sinia au mkeka, mwembamba, usipite unene wa sentimita 1. Unaachwa saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki katika unga kinaamka kwa maji, kinavunja linamarini ya mwisho, na sumu inaruka hewani. Baadaye bukari inapikwa siku ileile kama kawaida, kwa maana unga wenye unyevu hauwekwi. Akina mama walioionja walisema haina uchungu tena.

Mwaka 2010 Banea na wenzake waliifundisha namna hii katika kijiji cha Kay Kalenda, upande wa Popokabaka, ambako konzo ilikuwa imewapata wengi. Mwanamke mmoja alimfundisha mwenzake. Wakati wote wa uchunguzi hakutokea mgonjwa mpya hata mmoja. Habari ilitangazwa mwaka 2012, na kutoka hapo namna ile ilipelekwa vijiji vingine vya Kwango. Vyombo vilivyotakiwa vilikuwa bakuli, mkeka, maji na saa mbili za jua.

Kulowesha unga hakuondoi kazi ya mto. Mihogo michungu inaanza majini, siku tatu, mpaka kidole kizame.

Maulizo

1. Kwa nini wakulima wengi wanapenda kupanda mihogo michungu?
2. Linamarini na kimeng'enya vinakaa wapi katika muhogo? Vinakutana lini?
3. Mama anajuaje kwamba mihogo imekaa majini ya kutosha?
4. Kwa nini kuchemsha mizizi michungu mizima hakutoshi?
5. Mguu wa konzo na mguu wa polio unatofautiana namna gani?
6. Ukame, vita na kamyo ya mnunuzi vinafanana katika jambo gani?
7. Uliza nyumbani: mihogo yenu inakaa majini siku ngapi? Je, wakati wa kiangazi ni vilevile? Andika jibu katika daftari, ulilete darasani.